Tagi ya Tozo kwa Gari la Tanzania: Kutoka Dodoma Hadi Nairobi Expressway Bila Kukwama Getini

Dereva anaondoka Dodoma saa 10 alfajiri, anapita Kondoa, Babati na Arusha, anavuka Namanga salama, halafu anakwama Mlolongo, mwanzoni mwa Nairobi Expressway. Ameingia njia iliyoandikwa ETC (malipo ya tozo ya kielektroniki), geti limegoma, nyuma yake magari matano yanapiga honi, na hakuna pa kurudi. Maswali kuhusu visa kama hiki yanakuja kila mwezi, na kwa kawaida kosa lenyewe lilifanyika kabla gari halijafika getini.

Kinachofungua geti ni akaunti iliyo nyuma ya tagi, yaani kile kifaa kinachobandikwa kwenye kioo cha gari: namba ya gari, daraja la gari na salio. Kimoja kikikosewa, geti linabaki chini hata kama tagi imenunuliwa asubuhi hiyohiyo. Mwongozo huu unafuata safari kwa mpangilio wake, kuanzia gari likiwa bado limeegeshwa nyumbani Dodoma.

## Kwanza, je, unaihitaji?

Nairobi Expressway ni barabara ya kulipia ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Njia za kulipa ni tatu:

Fedha taslimu. Unapoingia unapewa kadi ya kupitia, unapotoka unairudisha na kulipa.

Kadi ya MTC. Ni kadi ya salio unayogusisha mwenyewe ukiingia na ukitoka. Haibandikwi popote, inakaa kwenye pochi.

Tagi ya ETC. Kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele. Geti linakisoma na kukata fedha bila wewe kushusha kioo.

Kama unakwenda Nairobi mara mbili kwa mwaka kumpokea mgeni uwanja wa ndege wa JKIA, lipa taslimu. Tagi haitakulipa gharama wala usumbufu wake. Anayekwenda kila mwezi na kukaa siku mbili tatu, kadi ya MTC inamtosha. Tagi inawafaa wanaopita mara nyingi ndani ya wiki: kampuni za watalii, wafanyabiashara wa Gikomba na Industrial Area, na ofisi zenye gari linaloshinda Nairobi kwa mwezi mzima.

Kuna chaguo la nne ambalo watu husahau kwamba lipo: usilipe kabisa. Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way zipo palepale chini ya barabara ya juu na hazina tozo. Jumapili asubuhi tofauti ya muda ni ndogo sana. Jumatatu saa 2 asubuhi ni habari nyingine.

Pikipiki na bajaji haziruhusiwi kupita juu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka

- Kadi ya gari halisi, pamoja na nakala mbili
- Pasipoti au hati ya safari ya yule ambaye akaunti itakuwa kwa jina lake
- Barua ya ruhusa ya mwenye gari, kama kadi haina jina lako
- Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA (Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye mpango huu wa bima, kwa hiyo kampuni yako ya bima hapa Dodoma inaweza kukutolea)
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano
- Spiriti ya dukani, kitambaa kisicho na manyoya na karatasi ngumu au wembe wa plastiki wa kubandulia stika
- Shilingi za Kenya taslimu, zikiwemo noti ndogo za 100 na 200
- Simu yenye nafasi ya picha, kwa sababu utapiga picha za risiti

Gari la serikali au la mradi, lenye namba za STL, STK, SU au DFP, lisafiri na kibali cha kutoka nje ya nchi kutoka ofisini. Beba nakala mbili, moja ya mpakani na moja ya dawati la tagi.

## Hatua ya 1: Kishughulikie kiboksi cha Kijapani

Hatua hii inafanyika Dodoma, gari likiwa limezimwa, na ndiyo inayowaponza wengi kuliko zote.

Magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani. Fungua kisanduku cha dashibodi au tazama chini ya usukani, upande wa goti la dereva. Mara nyingi utakuta kiboksi cheusi, ukubwa wa pakiti ya sigara, chenye tundu jembamba la kadi na herufi tatu: ETC. Ndicho kile kinachotoa sauti ya mwanamke kwa Kijapani kila unapowasha gari. Miaka yote mmekuwa mkidhani anawakaribisha. Anasema kadi haijaingizwa.

Kiboksi hicho kilitengenezwa kwa barabara za kulipia za Japani. Kinahitaji kadi inayotolewa Japani na kinazungumza na mitambo ya Japani tu. Nairobi hakina kazi. Kinachowachanganya watu ni yale maandishi: dereva anaona ETC kwenye gari lake, anaona ETC juu ya njia, anaingia kifua mbele.

Cha kufanya: mwambie fundi umeme wa magari akichomoe kwenye waya wake na azibe ncha kwa tepu. Pia kina antena ndogo iliyobandikwa juu ya dashibodi au kwenye kioo, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Itoe, kwa sababu inakalia nafasi utakayoihitaji.

Onyo: asikate waya ovyo. Katika baadhi ya magari kiboksi hiki kinashirikiana fyuzi na redio au taa ya ndani. Achomoe soketi, asitumie koleo.

Umefaulu ukiona: unawasha gari na yule mama wa Kijapani yuko kimya, huku redio na taa za ndani zikifanya kazi.

Kuna vifaa vingine viwili ambavyo watu huviita tagi na sivyo. N-Card uliyoitumia kwenye kivuko cha Kigamboni haisomeki Nairobi. Na lakiri ya kielektroniki inayofungwa kwenye lori la mizigo inayopita kwenda nchi nyingine ni ya forodha, kazi yake ni kufuatilia mzigo. Dereva wa lori mwenye lakiri bado analipa tozo kama wengine.

## Hatua ya 2: Iandike namba ya gari kama ilivyo

Namba za Kenya zinaanza na K, mfano wake herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja. Zetu zinaanza na T, zinafuata tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Mhudumu aliyezoea kuandika namba za Kenya siku nzima anaweza kuiacha hiyo T akidhani ni alama ya nchi, au akaandika herufi O mahali pa sifuri.

Mfumo hausamehi. T 104 DKX na 104 DKX kwake ni magari mawili tofauti.

Andika namba yako kwa herufi kubwa kwenye karatasi, bila nafasi katikati, hivi: T104DKX. Chini yake andika aina ya gari, idadi ya ekseli na jina lililo kwenye kadi ya gari. Karatasi hii utaitoa mara mbili, Namanga na kwenye dawati la tagi. Inaonekana kazi ya kitoto, lakini inaokoa saa nzima.

## Hatua ya 3: Namanga, yaani kibali, fedha na laini

Kutoka Dodoma hadi Nairobi kwa njia ya Kondoa, Babati, Arusha na Namanga ni kama kilomita 700. Namanga ni kituo cha pamoja cha mpakani, kwa hiyo unashughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili sehemu moja, na hufanya kazi saa 24.

Kibali cha gari. Forodha ya Kenya itakupa kibali cha muda cha kuingiza gari. Kabla ya kuondoka dirishani, soma namba ya gari iliyoandikwa na uilinganishe na karatasi yako. Ikiwa kibali kina namba isiyo na T na kadi ya gari inayo, dawati la tagi litakuwa na hoja ya kukukatalia. Ikosoe hapohapo, maana ukishafika Kitengela hakuna wa kukurekebishia.

Fedha. Badilisha benki au kwenye duka la kubadili fedha lenye leseni. Vijana wanaokufuata na mabunda mkononi waache. Zaidi ya hesabu zao za haraka haraka, kuna tatizo la noti: noti za zamani za shilingi 1,000 za Kenya zilifutwa Septemba 30, 2019 na hazipokelewi popote. Noti zote mpya zina picha ya jengo la KICC, ukumbi wa mikutano wa kimataifa wa Nairobi. Noti ya 1,000 isiyo na jengo hilo irudishe.

Laini ya simu. Kujaza salio la tagi kunakwenda vizuri zaidi ukiwa na laini ya Kenya yenye M-Pesa. Unaweza kusajili laini kwa pasipoti. M-Pesa yako ya Tanzania ni akaunti nyingine, chini ya kampuni nyingine na sarafu nyingine, hata kama jina linafanana. Usipange safari ukiitegemea. Kama hutaki laini ya Kenya, panga kujaza kwa taslimu kaunta na ujaze ya kutosha safari nzima.

Ukisajili akaunti kwa namba ya +255, hakikisha kwanza laini hiyo inapokea ujumbe ukiwa nje ya nchi. Mtumie mtu wa Dodoma ujumbe, akujibu, ndipo uendelee.

Umefaulu ukiona: una kibali chenye namba sahihi, noti zenye KICC, na simu inayopokea ujumbe.

## Hatua ya 4: Kusajili tagi

Barabara ya Namanga inaungana na Mombasa Road pale Athi River. Ukielekea Nairobi, kituo cha kwanza cha tozo ni Mlolongo.

Onyo kubwa: egesha kabla ya mageti, nenda kwa miguu au muulize mhudumu wa nje dawati la huduma kwa wateja lilipo. Usiingie njia ya geti kwa nia ya kununua tagi ukiwa ndani yake. Ukishaingia, umeshaziba njia ya watu.

Fika baada ya saa 4 asubuhi na kabla ya saa 10 jioni. Nje ya hapo foleni ya wanaokwenda na kurudi kazini ni ndefu na wahudumu hawana muda wa kuangalia kadi ya gari ya Tanzania, ambayo hawaioni mara nyingi.

Kabla ya kutoa fedha uliza mambo matatu, na usiondoke na jibu la nusu nusu:

1. Kifaa ni bei gani, na kati ya ninacholipa leo, kiasi gani ni kifaa na kiasi gani ni salio?
2. Gari hili mmeliweka daraja gani?
3. Nikitaka kujaza salio, hatua ni zipi, na akaunti yangu inatambuliwa kwa namba ipi?

Swali la pili lina uzito wake. Tozo inategemea ukubwa wa gari na ekseli. Noah, Prado na pikapu za milango minne huwa na ubishi wa daraja, na pikapu iliyofungwa kichanja cha mizigo juu inaonekana kubwa zaidi kuliko ilivyo. Shusha mzigo wa juu kama unaweza. Daraja likikosewa siku ya usajili, utalipa zaidi kila safari bila kujua, au geti litakataa kwa sababu kinachoonekana hakifanani na kilichoandikwa.

Mwombe mhudumu akugeuzie kioo cha kompyuta au akuandikie namba aliyoingiza. Ilinganishe na karatasi yako, herufi kwa herufi. Kisha piga picha ya risiti na ya namba iliyo nyuma ya tagi kabla haijabandikwa, kwani ikishabandikwa namba hiyo inaangalia kioo.

## Hatua ya 5: Kuibandika

Tagi isiyosoma mara nyingi ni tagi iliyobandikwa vibaya, na magari ya kutoka kwetu yana vumbi la pekee. Vumbi jekundu la Dodoma likichanganyika na mafuta yanayotoka kwenye plastiki ya dashibodi juani linaacha utando kwenye kioo kwa ndani. Huuoni ukiwa umekaa, lakini pitisha kidole na utauona. Gundi haishiki juu ya utando huo. Inashika siku mbili, halafu tagi inadondoka mchana wa jua kali.

1. Egesha kivulini na uache kioo kipoe. Kibandiko kinachowekwa kwenye kioo cha moto hulegea mapema.
2. Bandua stika zilizo katikati ya kioo juu. Stika ya Nenda kwa Usalama ibaki kama iko pembeni chini, haina madhara hapo.
3. Futa kwa kitambaa kikavu kwanza, kisha spiriti. Usitumie maji ya sabuni wala sanitaiza ya jeli, zinaacha utelezi.
4. Subiri dakika mbili mpaka spiriti iishe kabisa.
5. Weka tagi katikati ya kioo, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Bonyeza kwa kiganja kwa sekunde 30 bila kutikisa.
6. Kamera ya dashibodi iwe mbali nayo, upana wa kiganja angalau. Kama tagi ina kipande cha sola upande wa nje, kisizibwe na kitu.

Tatizo la kioo. Baadhi ya magari yana kioo cha mbele chenye utando wa metali wa kuzuia joto. Ukikiangalia kwa pembeni kinatoa mng'ao wa zambarau au kijani. Utando huo unazuia mawimbi ya tagi. Watengenezaji huacha eneo dogo lisilo na metali karibu na kioo cha kutazamia nyuma, lenye vidoti vyeusi. Bandika hapo. Tinti ya metali iliyowekwa na fundi wa mtaani juu ya kioo inaleta shida ileile, na dawa yake ni kukata kipande cha tinti mahali pa tagi.

Onyo: tagi nyingi za aina hii zina kitufe kidogo upande wa gundi. Ikibandikwa kitufe kinabonyea, ikibanduliwa kinaachia na tagi inajifunga. Kwa hiyo usiibandue kuihamishia gari la shemeji yako, wala usiiweke mfukoni na kuinyoosha dirishani ukifika getini. Imebuniwa makusudi isitumike hivyo.

Gari liwe na tagi moja tu. Ukinunua gari lililowahi kutumika Nairobi, kagua kioo kama bado kina tagi ya mmiliki wa zamani. Zikiwa mbili, geti linaweza kusoma ile isiyo na salio.

Umefaulu ukiona: ukiivuta tagi kwa kidole haichezi, na mhudumu ameiwasha kwa kifaa chake na kukuambia jina au namba inayotokea. Usiondoke kabla hajafanya hivyo.

## Hatua ya 6: Hesabu ya salio

Tangu Januari 2024, gari dogo la saluni hulipa kuanzia shilingi 170 za Kenya kwa kipande kifupi hadi shilingi 500 kwa safari nzima ya Mlolongo hadi Westlands. Viwango hivi vilipanda kutoka 120 na 360 vya mwaka 2022, kwa hiyo usibebe bei uliyoambiwa na mtu aliyepita zamani. Ubao wa bei kwenye kituo ndio wa kufuata.

Chukulia unakaa siku 3 na unapita nzima, kwenda na kurudi kila siku:

Sh 500 × safari 2 × siku 3 = Sh 3,000

Ongeza safari moja nzima ya akiba, Sh 500. Jumla Sh 3,500 za Kenya. Kwa hesabu ya haraka ya barabarani, shilingi 1 ya Kenya ni kama 20 za kwetu, yaani takriban Sh 70,000.

Akiba ile ya safari moja si mapambo. Fedha inakatwa unapotoka, kwa umbali uliokwenda. Ukiwa na Sh 300 na ukapitiliza kituo ulichokusudia kushukia kwa sababu ulikosa njia ya kutokea, salio halitatosha na utagundua mbele ya geti la kutokea.

Jaza jioni kabla ya safari. Malipo ya simu huenda yakachelewa kuonekana kwenye akaunti, na kujaza ukiwa tayari umeingia foleni ni kamari. Baada ya kujaza, subiri ujumbe unaotaja salio jipya. Ujumbe wa M-Pesa peke yake unathibitisha kwamba fedha imetoka kwako, hauthibitishi kwamba imeingia kwenye tagi.

## Hatua ya 7: Kupita getini

Vituo, ukitoka kusini, ni Mlolongo, SGR, JKIA, Eastern Bypass, Southern Bypass, Capital Centre, Haile Selassie, Museum Hill, The Mall na Westlands. Si kila kituo kinahudumia pande zote mbili, kwa hiyo jua unashukia wapi kabla ya kupanda. Anayekwenda uwanja wa ndege ashukie JKIA. Anayekwenda katikati ya mji atazame Haile Selassie au Museum Hill.

Safari ya kwanza ifanye saa tulivu, nayo iwe fupi.

1. Mita 200 kabla, chagua njia yenye maandishi ETC na mshale wa kijani. Msalaba mwekundu maana yake njia imefungwa.
2. Punguza mwendo hadi chini ya kilomita 20 kwa saa.
3. Acha nafasi ya gari zima kati yako na aliye mbele. Ukimbana, mtambo unaweza kusoma tagi yako wakati bado unamhudumia yeye, au geti likashuka kwenye boneti yako. Tabia yetu ya kubanana ili mtu asichomekee haifai hapa.
4. Tazama ubao mdogo wa taa pembeni. Namba yako ikitokea na geti likipanda, pita kwa mwendo uleule.
5. Ukitoka, tumia tena njia ya ETC na utazame kiasi kilichokatwa.

Kanuni ya kushika ni hii: ulivyoingia ndivyo utoke. Ukiingia kwa tagi, toka kwa tagi. Ukiingia kwa kadi ya kupitia kwa sababu tagi iligoma, toka njia ya taslimu na uirudishe kadi. Ukichanganya, mfumo utaona gari lililoingia lisitoke, na jingine lililotoka bila kuingia, na mzigo wa kueleza utakuwa wako.

Juu, mwendo wa mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Dereva aliyezoea kunyoosha mguu Kondoa hadi Babati inabidi ajikumbushe.

Umefaulu ukiona: kiasi kilichokatwa kinalingana na ubao wa bei kwa daraja lako, na salio limepungua mara moja tu.

## Geti likigoma

Simama. Washa taa za tahadhari. Usirudi nyuma, hata mita moja, hata kama wa nyuma anakupa ishara. Kugongana kinyumenyume ndani ya njia ya tozo ukiwa na bima ya kigeni ni mchana mzima polisi.

Shusha kioo, mngoje mhudumu, mwonyeshe namba ya gari na picha ya risiti. Sababu zifuate kwa mpangilio huu, kuanzia inayotokea sana:

Salio. Mwombe asome salio. Likiwa pungufu, lipa taslimu hapohapo. Ndiyo maana noti ndogo zinakaa mlangoni, haziwi kwenye begi la nyuma.

Tagi haijasomeka. Kioo cha metali, vumbi, au karatasi uliyoiweka juu ya dashibodi kuzuia jua. Ile ngao ya kung'aa ya kukinga jua ikisahaulika imekunjwa chini ya kioo inatosha kuharibu kila kitu.

Namba hailingani. T imeachwa. Hii haitatuliwi getini. Lipa taslimu, rudi dawati la huduma, sahihisha.

Tagi imejifunga. Imebanduka kwa joto na mtu ameirudishia kwa gundi ya superglue. Inahitaji kuwashwa upya dawatini.

Ukilipa taslimu baada ya tagi kugoma, omba risiti na uangalie salio jioni. Mara nyingine tagi ilisomeka kwa kuchelewa na ukakatwa mara mbili. Bila risiti hiyo ya taslimu huna cha kuonyesha. Dai siku hiyohiyo, ukiwa bado Nairobi, kwa maandishi, ukitaja tarehe, saa, kituo na namba ya njia. Andika saa kwa mtindo wa risiti, yaani 14:20. Ukisema saa 8 na dakika 20, karani atatafuta asubuhi.

## Ukirudi Dodoma

Piga picha ya salio la mwisho. Tagi iache ilipo. Ukibadilisha kioo, jambo la kawaida kwa mawe yanayorushwa na malori, tagi itakufa na kioo cha zamani. Toa taarifa kabla ya safari inayofuata ili namba ya gari iachiliwe na kupewa tagi mpya.

Ukiuza gari, funga akaunti kwanza. Kwetu namba inabaki na gari, kwa hiyo mnunuzi akienda Nairobi atapita kwa salio lako, na deni lake likiwepo litakuwa chini ya jina lako.

## Nchi nyingine

Tagi ya Nairobi haivuki mpaka. Uganda ina barabara ya kulipia ya Kampala hadi Entebbe, iliyoanza kutoza Januari 2022 kwa Sh 5,000 za Uganda kwa gari dogo. Ukiingia kwa Mutukula utaihitaji tu kama unakwenda uwanja wa ndege, na taslimu inatosha.

Zambia, ukipita Tunduma, mageti ya tozo yako kwenye barabara kuu yenyewe, hivyo hayakwepeki. Tenga kwacha kwa kila geti, kwenda na kurudi.

Afrika Kusini wengi hukodi gari. Yale mageti ya juu ya Gauteng yaliyokuwa yanatoza bila kusimama yaliacha kutoza Aprili 2024, lakini vituo vya tozo vya kawaida kwenye barabara kuu bado vipo. Gari la kukodi mara nyingi huwa na tagi tayari kwenye kioo. Waulize wenye gari kabla ya kusaini: tozo zinakatwa vipi, na wanaongeza ada gani juu ya kila tozo? Piga picha ya tagi siku unayochukua gari na siku unayorudisha, zote mbili zikionyesha kilomita za dashibodi.